Aliniuliza Kama Mtaa Wetu Una Usalama

Mtu akitaka kupanga chumba mtaani kwetu, hapa Kilosa mjini, hamuulizi dalali kama pana usalama. Dalali atakuambia pana usalama hata kama moshi unatoka darini. Mpangaji mwenye akili anamwacha dalali amesimama mlangoni, anajifanya ana njaa, anakuja kibarazani kwangu kununua vitumbua na chai. Kitumbua cha kwanza anakila kimya. Akifika cha pili ndipo anauliza, "Mama, huku kwenu vipi? Wezi hawasumbui?"

Nimepika vitumbua kwenye kibaraza hicho tangu mume wangu akiwa hai, Mungu amrehemu, na miaka yote hiyo nimekuwa nikilijibu swali hilo. Hakuna aliyenipa kazi hiyo, wala hainiingizii chochote zaidi ya kitumbua cha ziada ambacho mtu hununua kwa aibu. Lakini niliipenda. Kuulizwa na watu kulinifanya nijione mkubwa, kama vile mtaa mzima ni wangu na mimi ndiye ninayeamua nani aingie.

Nilikuwa na vipimo vyangu. Ukinipendeza, nitakuambia utazame kamba za nguo, maana watu wakiacha nguo zao nje mpaka jua linazama, na ndoo na sufuria zinabaki uani, basi hapo pametulia. Nitakuambia utazame nondo za madirishani. Nondo mpya huwekwa baada ya jambo kutokea, si kabla. Nitakuambia urudi saa ya magharibi uone kama watoto bado wanatumwa dukani au wameshafungiwa ndani. Mtaa wetu ulifaulu vipimo vyote hivyo. Uko juu, hospitali unaifikia kwa miguu, kodi ni ya watu wa hali ya kawaida, na kitu kikubwa nilichowahi kusikia kimeibwa ni jogoo, tena mwizi tunamjua, ni mtoto wa humuhumu.

Hayo yote nilikuwa nayajua siku yule fundi cherehani alipokuja kuniuliza.

Ilikuwa kiangazi, asubuhi, jua halijawa kali. Mwanamke wa kama miaka thelathini, mrefu, kitenge kimefungwa vizuri kiunoni. Hakuja na haraka kama wengine. Alipiga goti kidogo mbele ya jiko langu akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," nikaitikia.

Nililelewa na bibi ambaye shikamoo kwake haikuwa mchezo. Alikuwa akituambia kwamba ukishaitikia marahaba, huyo aliyekuamkia ni mtoto wako mpaka mtakapoagana, na mtoto wako humfanyii hila. Nimewafundisha wanangu vivyo hivyo, kwa ukali kabisa, hata kwa kofi. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Alinunua vitumbua vitatu. Alikula kimoja, viwili akavifunga kwenye karatasi akasema ni vya mama yake. Akanieleza kwamba ameona chumba nyumba ya tatu kutoka kwangu, kile chenye baraza pana, na kwamba baraza hiyo ingemfaa kuweka cherehani kwa sababu anashona sare za shule. Wametoka Mamboya. Amemleta mama yake mjini kwa sababu anatakiwa kliniki mara kwa mara na njia ya kule inamtesa.

"Mama yangu miguu haina nguvu," akasema. "Pakitokea jambo hawezi kukimbia. Ndiyo maana nauliza sana, mama, usinichoke. Huku pana usalama?"

Ningemjibu hapohapo. Badala yake nikauliza swali langu, lile ambalo nilikuwa nimeanza kuwauliza watu tangu mwaka uliotangulia. "Nyie wenyeji wa wapi?"

"Asili yetu kanda ya ziwa. Baba alikuja huku na mifugo, mimi nikiwa mdogo."

Aliposema mifugo, moyo wangu ukafunga mlango. Kaka yangu analima Zombo, na msimu uliokuwa umepita ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mahindi yake wakayamaliza yakiwa yanaanza kubeba. Nilikwenda kumpa pole, nikayaona mabua yamelala shamba zima. Nilirudi mjini na hasira ya mtu ambaye hakulima hata shimo moja la yale mahindi. Tangu siku hiyo kila mtu aliyetoka upande wa ziwa, awe na ng'ombe au awe na cherehani, kwangu alikuwa ndiye aliyelisha shamba la kaka yangu.

Nikapindua vitumbua vilivyokuwa motoni. Nikamwambia, "Mwanangu, sitakuficha. Huku pameharibika."

Kisha nikapamba. Hilo ndilo linalonitia aibu zaidi, jinsi nilivyopamba. Nilimwambia vibaka wanaingia kwa kuvunja madirisha. Nilimwambia kuna mzee mmoja nyumba ya nyuma walimkaba wakamwachia jeraha kichwani. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa pale ng'ambo anachambua mchele, hana hata mkwaruzo. Nilipunguza sauti kama mtu anayetoa siri, nikamshika na mkono. "Wewe na mgonjwa wako hapa hapawafai," nikamwambia.

Akanitazama kidogo. Akasema, "Asante, mama, kwa kunieleza." Akapiga goti tena akaondoka, akampita dalali bila kusimama.

Unajua nilijisikiaje? Vizuri. Sitajipaka mafuta hapa. Nilijisikia vizuri kama mtu aliyelipa kisasi bila kutoka jasho, na jioni nikampigia simu kaka yangu kule Zombo nikamsimulia huku nacheka. Hakucheka. Aliuliza, "Sasa huyo dada amekukosea nini?" Nikamkumbusha mahindi yake. Akaniambia kwamba mambo yale walishayamaliza kwenye ofisi ya kijiji, na kwamba mwaka huu shamba lake limelimwa kwa maksai wa wafugaji haohao, maana walikubaliana, na walimlimia vizuri. Mwenye shamba alikuwa ameshasamehe na kupanda upya. Mimi niliyekaa mjini na vitumbua vyangu ndiye niliyebaki na kinyongo.

Nikamwambia aache ujinga, nikakata simu. Hata hapo bado nilikuwa na nafasi. Ningeweza kumtafuta yule dada kesho yake, Kilosa si Dar es Salaam, mtu unampata kwa kuuliza sokoni. Sikumtafuta.

Siku ya tatu niliwaona wakihama. Mkokoteni ulitangulia, umebeba cherehani, godoro na maboksi. Nyuma ilifuata bodaboda mwendo wa taratibu, mama yake amekaa upande, na yeye anatembea pembeni amemshika kiuno asianguke. Walipita mbele ya kibaraza changu wakateremka njia ya chini, ile inayokwenda mtoni.

Mtu aliyezaliwa Kilosa anajua nyumba za kule kwa nini kodi yake ni nafuu. Mto Mkondoa hauna adabu. Ukizitazama kuta za kule utaona mstari wa tope umekaa usawa wa kiuno, wengine wanaupaka chokaa, wengine wameuzoea. Niliyajua yote hayo nikiwa nimesimama na kijiko mkononi. Aliniona, akainamisha kichwa kuniamkia kwa mbali, nami nikaitikia kwa mkono. Ningemwita tu. Mafuta yalikuwa yamepata moto, nikajiambia vitumbua vitaungua.

Masika ilipokuja, maji hayakutoka kwenye mvua yetu. Siku hiyo mjini palikuwa pakavu na watu wameanika nguo, mvua ilikuwa imenyesha huko milimani tangu jana yake. Kama saa nne asubuhi tulisikia kelele kutoka chini, kisha watu wakaanza kupanda na vitu vichwani. Maji ya tope yalikuwa yameingia majumbani. Nilisimama kibarazani nahesabu nyuso zinazopita, na kila uso uliopita usiwe wa yule fundi nikatazama unaofuata. Kanga yangu nilikuwa nimeing'ata bila kujua.

Mwishowe nikawaona. Wanaume wawili wamembeba yule bibi kwenye kiti cha plastiki, mmoja huku mmoja kule, amelowa mpaka kifuani, midomo inamtetemeka. Binti yake alikuwa nyuma amekumbatia kichwa cha cherehani, amekifunga kwa shuka. Meza ya cherehani na sare za watoto wa watu alikuwa ameziacha majini.

Waliohamishwa waliwekwa madarasani. Nilipika vitumbua beseni zima nikawapelekea bure, kesho yake tena, na kesho kutwa tena. Majirani wakanisifu. Mmoja akasema mama huyu ana moyo wa kipekee, na mimi nikatazama chini, watu wakadhani ni unyenyekevu. Kila nilipofika mkeka wa yule fundi, yeye alipokea kwa mikono miwili, akasema "Asante, mama," akamlisha mama yake aliyekuwa anakohoa. Nilifungua mdomo mara mbili na mara zote mbili nikauliza kama wanataka sukari.

Yule bibi alilazwa na kifua. Alipona kifua, lakini ile miguu iliyokuwa inakwenda kidogo kwa kushikiliwa haikukanyaga tena chini. Watu walisema ni umri. Mimi nilisema ni umri pia, kwa sauti, mbele za watu. Usiku sikuwa na raha, na mchana kila mtu aliyekuja kununua vitumbua nilimwogopa asije akaniuliza habari za mtaa. Kuna kijana wa ualimu aliuliza, nikamwambia, "Kawaulize wengine, baba, mimi sijui." Alinishangaa.

Nadhani ningeendelea hivyo mpaka leo kama binti yangu wa mwisho asingepata kazi Mikumi, kwenye jiko la nyumba moja ya wageni. Alitaka chumba cha bei ndogo na akaniomba nimsindikize, maana mtaalamu wa mitaa ndiye mimi. Tukaenda.

Chumba tulichoonyeshwa kilikuwa pembeni kabisa mwa mji, upande wa hifadhi. Nikatoa vipimo vyangu. Nguo ziko kambani, ndoo ziko nje, madirisha yana nondo za zamani zenye kutu. Watoto wanacheza. Binti yangu akafurahi, akasema hapa ndipo penyewe. Karibu na hapo palikuwa na mama mmoja mwenye meza ya nyanya na dagaa, na binti yangu akasema twende tumuulize, si ndivyo unavyotufundisha? Nikabaki nimesimama. Nilijua mtu aliyekaa kwenye meza kama ile anaweza kufanya nini na mtoto wa mwenzake. Binti yangu akatangulia mwenyewe, akampa shikamoo yake, akauliza.

Yule mama aliitikia, akampangusia kigoda, akamuuliza kwanza kazi yake inaisha saa ngapi. Alipojua ni jioni, akatikisa kichwa.

"Wezi hakuna, mwanangu, nisikudanganye. Ila tembo wanapita hapo nyuma, wanafuata mashamba. Sisi tumeshazoea, saa kumi na mbili tuko ndani, wala mahindi hatuweki chumbani. Wewe wa kurudi jioni peke yako, na njia yenyewe ile, hapana. Tafuta kule karibu na barabara kubwa, utaongeza kidogo lakini utafika mzima." Kisha akanigeukia mimi akacheka. "Mwenye nyumba ni shemeji yangu, akisikia atanuna. Atanuna lakini ataacha. Huyu si mtoto?"

Nilishindwa kumshukuru. Alikuwa hatujui, hakuuliza wenyeji wa wapi, na alikuwa na sababu kubwa ya kunyamaza kuliko niliyokuwa nayo mimi ya kusema. Tulipoondoka binti yangu alinishika mkono akasema, "Yule mama ana roho nzuri, mama. Kama wewe."

Nikamwambia tuwahi gari.

Tulimpatia chumba karibu na barabara, nikarudi Kilosa peke yangu, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Kesho yake sikuwasha jiko. Nilijifunga kanga mbili, nikateremka njia ya chini kumtafuta fundi.

Nilimkuta palepale. Nyumba ilikuwa imerudishiwa udongo, mstari wa tope umepanda juu zaidi ya ule wa zamani, na hakuna aliyejisumbua kuupaka chokaa. Cherehani ilikuwa imewekwa kwenye meza ya mbao za kuungaunga. Mama yake alikuwa amelala mkekani karibu na mlango, mahali penye upepo. Nikamwamkia yule bibi, shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, kisha akasema jambo kwa lugha yao. Binti yake akaniletea kigoda. Pembeni, mwanamke wa chumba cha pili alikuwa anamenya viazi na kila mara anamtupia yule bibi jicho, kuona kama anahitaji kugeuzwa.

Sikutaka kuzunguka, maana nikizunguka ningekimbia. Nikasema, "Mwanangu, siku ile nilikudanganya. Mtaani kwetu hakuna wezi. Hakujawahi kuwa na wezi. Nilikuona wewe ni mtu wa ng'ombe, nikakuchukia bure. Na nilikuona unahamia huku, nikajua maji yanafika, nikanyamaza. Nimekuja kukuomba msamaha."

Nilitegemea alie, au anifukuze. Nilikuwa tayari hata kwa matusi. Yeye aliukata uzi kwa meno, akaukunja vizuri ule mkono wa shati aliokuwa anaushona.

"Nilijua, mama," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba hakuna wezi. Nilipotoka kwako siku ileile nilipita kwa wapangaji wengine, nyumba kama tatu. Wote wakasema huko watu wanaacha sufuria nje." Hakuwa na hasira. Alikuwa anaongea kama anamweleza mteja kitambaa chake kilipofikia. "Na yule mzee uliyesema wamempasua kichwa, walinionyesha, nikamsalimia. Alikuwa anachambua mchele."

Nikamuuliza, sasa kama alijua, kwa nini hakukichukua kile chumba? Kwa nini alikuja kukaa huku majini?

"Mimi natoka. Nakwenda sokoni kufuata vitambaa, nakwenda shuleni kupima watoto, mama anabaki peke yake mchana kutwa. Nikawaza, akianguka, akiita, wa kwanza kumsikia ni wewe." Akatunga uzi mwingine. "Huku nilipouliza, waliniambia ukweli. Walisema maji yanakuja, tena mengi. Wakasema yakija watambeba. Nao walimbeba."

Yule mwanamke wa viazi hakuinua kichwa, lakini kisu chake kilikuwa kimesimama.

Nililia. Nililia kwa sauti, mwanamke mzima, mbele ya bibi aliyelala asiyejua ninalilia nini, na ambaye alinyoosha mkono akanishika ukingo wa kanga. Hilo ndilo lililonimaliza kabisa. Fundi aliniacha nilie mpaka nikamaliza, akanipa maji ya kunywa. Alisema ameshanisamehe siku nyingi, na nilivyomtazama niliamini. Lakini sikutaka kuondoka na msamaha mtupu kama mtu aliyeazima kitu, nilitaka kurekebisha. Masika nyingine haikuwa mbali. Nikamwambia kile chumba chenye baraza kiko wazi tena, mpangaji wake amehamishwa kikazi. Nikamwambia mwenye nyumba ananisikiliza, nitamwambia amshikie, mkokoteni nitautafuta mimi, hata kesho wanaweza kuhama, hospitali pale ni hatua chache tu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima ileile ya siku ya kwanza. Akamtazama mama yake. Kisha akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za mtaa asioujua:

"Na wewe, mama, bado unakaa palepale?"

Nikamwambia ndiyo, bado nakaa palepale.